SUPAMAKETI NA KADOGO WAKATI WA KORONA

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Je, haba ikinunuliwa kila siku wakati wa maradhi, hujaza nini? Katika makala haya nitaeleza jinsi watu walivyonunua vitu mwaka wa 2020, na kwa nini mzigo huo haukuwa sawa kwa wote.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikatangazwa shule zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili, Nairobi na viunga vyake vikafungwa: hakuna kuingia wala kutoka.

Supamaketi hazikufungwa kwa kuwa ziliuza chakula, lakini masharti yalikuwa tele. Mlangoni unanawa mikono kwa sabuni, askari anakuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, halafu unangoja wengine watoke ndipo uingie. Barakoa nayo ilikuwa lazima. Sakafuni palikuwa na alama za kusimama, usimkaribie mwenzako. Sababu ni kwamba virusi hivyo husambaa kwa pumzi na matone mtu anapokohoa au kuongea, hasa watu wakisongamana mahali pasipo na hewa ya kutosha. Noti pia ziliogopwa, kwa hivyo wengi walilipa kwa M-Pesa.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Mwenye mshahara alijaza toroli mara moja, akafunga mlango wake wiki 2. Mama yangu hufua nguo za watu na hulipwa kwa siku. Asipopata kibarua, tunaangaliana tu. Yeye alinunua kwa kibanda unga wa kadogo na mafuta ya kupima ya shilingi 20, na kesho yake akarudi tena. Kwa vile vibarua wengi hulipwa jioni, wote walijazana pale kabla ya kafyu. Piga hesabu: katika wiki 2, mmoja amekutana na foleni 1, mwingine 14. Isitoshe, kadogo ukizijumlisha huwa ghali kuliko pakiti nzima. Basi maskini alilipa zaidi na kujihatarisha zaidi!

Katika ploti yetu akina mama 5 walipata dawa. Walichanga pesa, mmoja akaenda supamaketini kwa zamu na orodha ya wote, kisha wakagawana kwa mizani ya mama mboga. Safari 5 zikawa 1.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, maradhi mengine yakizuka, wakubwa wasiseme "kaeni nyumbani" pekee; waangalie pia mfuko wa anayekula kwa kibarua cha siku. Nasi tusikae kungoja. Haba ya mmoja huenda isijaze kibaba, lakini haba za watano hukijaza.