Riwaya za Himaya za Angani (4): Watu wa Jangwa Waliogeuzwa Maonyesho

Katika mfululizo wa Dune wa Frank Herbert hakuna kitabu kinachogawanya wasomaji kama cha nne. Kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu hapa Goma tumemsomea Herbert, kinaitwa L'Empereur-Dieu de Dune. Kilitoka Marekani mwaka 1981, na mwaka uliofuata tafsiri ya Guy Abadia ikachapishwa Paris katika Ailleurs et Demain, ule mkusanyo wenye majalada ya rangi ya fedha alioanzisha Gérard Klein mwaka 1969. Watu waliovimeza vitabu vitatu vya kwanza kwa pupa wanafika hapa wanakwama. Wapo walioniambia waziwazi kwamba walikiacha kabla ya nusu. Wapo pia, wachache lakini wakaidi, wanaoapa kwamba hiki ndicho kitabu chenyewe na vilivyotangulia vilikuwa vikikitengenezea njia tu.

Nakala ninayoitumia ni ya Presses Pocket, yenye mchoro wa Siudmak kwenye jalada. Imepita mikono mingi. Unyevu wa ziwa umeivimbisha, gundi ya mgongo imeachia, na mtu fulani ameshona kurasa kwa uzi wa gunia. Pembeni mwa maandishi kuna penseli za wasomaji mbalimbali: mmoja anapinga kila kauli ya mfalme, mwingine anaweka alama za kuuliza tu, mwingine anahesabu kurasa zilizobaki. Katika theluthi ya kwanza penseli hizo ni nyingi, kisha zinapungua, na kuanzia katikati unabaki mwandiko mmoja hadi mwisho.

Tukumbushane kwa wale ambao hawakusoma sehemu zilizopita. Sayari ya Arrakis ni jangwa, na ndipo mahali pekee panapopatikana kiungo kiitwacho melange. Kiungo hicho hurefusha maisha, na bila hicho marubani wa angani hawaoni njia kati ya nyota na nyota. Aliyeshika Arrakis ameshika usafiri wote na biashara yote. Paul Atreides aliitwaa kwa nguvu za Wafremen, wenyeji wa jangwa hilo, akawa mfalme wa himaya nzima, kisha akapofuka na kutokomea mchangani. Mwanawe Leto alikubali mwili wake uungane na viluwiluwi vya minyoo mikubwa ya jangwani ili aishi kupita umri wa binadamu. Kitabu cha nne kinamkuta baada ya miaka 3,500 na ushei, nusu mtu, nusu mnyoo, na angali anatawala. Akiba yote ya kiungo iliyobaki ni yake, naye huigawa kwa kipimo. Vita hakuna. Kusafiri ni kwa idhini. Jeshi lake ni la wanawake peke yao, nao humwabudu kama Mungu.

Riwaya inafunguka kwa mbio kali: Siona, binti wa waziri mkuu, anakimbizwa na mbwa mwitu msituni akiwa ameiba shajara za mfalme. Ukishazipita kurasa hizo, mwendo unakatika. Mfalme anazungumza na waziri wake Moneo. Anazungumza na Duncan Idaho, askari wa enzi za babu yake ambaye kila akifa hutengenezwa upya kutokana na chembe za mwili wake. Anazungumza na mjumbe wa sayari ya Ix. Kisha anarudi kwa Moneo. Hilo ndilo lalamiko kubwa la wasomaji, nami nalikubali lilivyo: hiki ni kitabu cha maongezi ya mzee mmoja asiyekatizwa.

Herbert alishazoea kukasirikiwa. John W. Campbell, mhariri aliyeichapisha Dune kwa sehemu katika jarida la Analog kati ya 1963 na 1965, alikikataa kitabu cha pili kwa sababu shujaa aliyempenda alikuwa ameangushwa. Nasi wasomaji wa Kiswahili tunayajua maudhi ya namna hiyo. Waliompenda Kezilahabi wa Rosa Mistika walipopewa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wengi waliuliza mwandishi wao amekwenda wapi. Anayefuata mfululizo anataka arudishiwe ladha ile ile, ilhali mwandishi mwenye jambo la kusema ameshasogea mbele.

Sasa niseme ninaposimama. Kusimama kwa mambo katika kitabu hiki ndiyo mada yake. Herbert anauliza: kitu kimoja kinachohitajiwa na wote kikikaa mkononi mwa mtu mmoja kwa muda mrefu kupita kiasi, dunia inakuwaje? Jibu lake ni kwamba inaganda. Leto anaiita hali hiyo amani, na kweli watu hawauawi kwa mamilioni kama zama za baba yake. Ila hakuna anayeondoka alipozaliwa, hakuna anayebuni kitu, na kila mwenye haja anapiga foleni mbele ya mlango mmoja.

Msomaji wa Kivu hahitaji kufasiriwa hayo. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipaa ghafla katika soko la dunia, na vijana wakaacha mashamba na shule kwenda kuchimba Masisi na Walikale. Novemba ya mwaka huo RCD-Goma, waliokuwa wakitawala hapa, waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kusafirisha koltani nje. Wanunuzi wadogo walilazimika kupitia mlango huo mmoja. Mwaka 2001 bei iliporomoka, na ukiritimba ule haukumaliza hata mwaka. Leto aliuendesha wake miaka 3,500. Tofauti ni ya muda na ya ukubwa, lakini mchimbaji aliyesimama na kifuko chake akingoja bei iliyoamuliwa na watu asiowaona angemtambua mfalme huyu mara moja.

Hata hivyo, sehemu inayonikera zaidi, na ninayoona wengi wakiipita haraka kwa hasira zao juu ya maongezi, ni habari ya Wafremen. Katika kitabu cha kwanza ndio watu imara kuliko wote. Wanajua kuhifadhi kila tone la maji, wanawapanda minyoo, wanayashinda majeshi ya mfalme. Na wana ndoto: siku moja Arrakis iote majani, mito itiririke. Wazo hilo Herbert alilipata mwaka 1957 akiwa mwandishi wa habari, alipokwenda Florence, jimbo la Oregon, kuandika juu ya nyasi zilizokuwa zikipandwa kuzuia mchanga usihame. Kufikia kitabu cha nne ndoto imetimia. Arrakis ni kijani, mito inapita, na jangwa limebaki kipande kimoja kiitwacho Sareer, uwanja binafsi wa mfalme. Na Wafremen? Wamebaki kuwa Wafremen wa makumbusho. Wanatunzwa vijijini kwa amri ya Leto, wanavaa mavazi ya mababu, wanafanya matambiko ambayo maana yake imewatoka, na wageni huja kuwatazama.

Mkongo akisoma hapo anakumbuka Tervuren. Mwaka 1897 Leopold wa Pili alisafirisha Wakongo 267 hadi Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho kandokando ya maziwa ili Wabelgiji waje kuwaangalia. Saba walifia huko, na makaburi yao yapo kanisani Tervuren hadi leo. Mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru, maonyesho ya dunia ya Brussels yaliweka tena kijiji cha Wakongo. Watazamaji waliwadhihaki, na wale Wakongo wakaondoka kabla ya maonyesho kwisha. Huko Ulaya walionyeshwa kama watu waliozama katika mila zao, na wakati huo huo mpira, shaba na dhahabu ya nchi yao vilikuwa vikipakiwa melini.

Herbert ameliona jambo ambalo waandishi wengi wa himaya za angani hawakuliona: mtu anaweza kunyang'anywa nchi huku mila yake ikihifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Leto hawachukii Wafremen, hata anawalilia. Lakini ndiye aliyewaweka pale, na anajua.

Kwa wanaotaka kulinganisha, tunayo Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka Nairobi mwaka 1995. Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi mwaka 1986. Shujaa wake Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatupwa angani ndani ya chombo na kutua katika sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Mkangi alitaka tuone mahali pazuri, ili tujue tunachodai. Herbert haonyeshi mahali pazuri popote, na nadhani hilo pia ni upungufu. Ukifunga kitabu chake unajua vizuri namna ya kumshuku kiongozi, lakini hujui watu wenyewe wangejitawala vipi.

Kuna kasoro nyingine nisiyoweza kuitetea. Hwi Noree, mjumbe kutoka Ix, ameumbwa na wakubwa wake makusudi amvutie mfalme, na mwandishi naye hampi kazi nyingine. Ni mpole, anapendwa, anakufa. Wasomaji wanawake waliolilalamikia hilo wana haki. Siona ndiye angestahili kurasa hizo, kwa kuwa ndiye mtu ambaye hata mfalme mwenye kuona yajayo hamwoni katika njozi zake, naye ndiye anayepanga kumwangusha.

Leto anaanguka kutoka darajani hadi mto Idaho akiwa njiani kwenda kuoa, na maji, adui wa mnyoo, yanamla. Mahali pa arusi palipochaguliwa ni Tuono, kijiji cha Wafremen wa makumbusho.

Wiki ijayo tutaingia Les Hérétiques de Dune, kitabu cha tano, kilichotoka Marekani mwaka 1984. Miaka 1,500 mingine imepita, jina la sayari limefupishwa kuwa Rakis, jangwa limerudi na minyoo imerudi. Ila wenye amri juu ya wenyeji safari hii ni makuhani wanaomwabudu mnyoo kwa kuwa ndani yake imo chembe ya Leto.