Ndege wa Mida wajiandaa kwa safari

Kuanzia Machi hadi mapema Mei, vitwitwi na sululu huondoka hori ya Mida, Watamu, kwenda kuzaliana Ulaya na Asia, wengine hadi Siberia. Kwanza hushiba matopeni maji yakipwa, wajiwekee mafuta ya njiani. Baadhi hubadili manyoya, wakawa wekundu kama matofali.

Maji yakijaa hukusanyika kupumzika, na hapo ndipo watazamaji huwahesabu. Mkazi yeyote anaweza kujisajili na Kenya Bird Map na kutuma orodha yake: aina, tarehe, mahali.

Ila asiwakaribie. Kitwitwi asiyefika gramu 100 akirushwa kila mara huchoma mafuta ya safari. Mbwa wafungwe.