Kwaheri mbili za Cannavaro

UKITAJA mabeki waliotoka Unguja na kutamba katika soka la Bara, jina la Nadir Haroub 'Cannavaro' halikosekani.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1982 na kuchezea Malindi, timu yenye jina la mtaa wa Mji Mkongwe ulio jirani na bandari. Mwaka 2006 akavuka bahari kujiunga na Yanga. Mwaka huohuo, Fabio Cannavaro, ambaye jina lake alibandikwa, aliiongoza Italia kutwaa Kombe la Dunia.

Mwaka 2009 alikwenda Canada kuichezea Vancouver Whitecaps, kisha akarudi Jangwani na kuwa nahodha. Wana Yanga hawasahau Machi 2014, alipoifunga Al Ahly ya Misri kwa kichwa jijini Dar es Salaam, bao pekee la mchezo. Katika marudiano Yanga ilitolewa kwa penalti.

Lakini somo kwa familia zetu lipo katika namna alivyoondoka.

Januari 2016 Mbwana Samatta alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, akampa unahodha. Samatta alistahili. Cannavaro, aliyekuwa akivaa kitambaa hicho, alilalamika kuwa hakuambiwa, bali alizisikia habari hizo kama watu wengine. Akatangaza kustaafu timu ya taifa.

Wapo waliosema ana hasira za karibu. Lakini haya si tunayaona majumbani? Posa inapokelewa, ami yake binti anaisikia barazani. Ndoa haipingi, ila kinachomuuma ni kurukwa. Siku ya shughuli haonekani, na watu wanabaki kumlaumu yeye.

Yanga walifanya vingine. Agosti 2018, baada ya miaka 12, walimwandalia mechi ya kumuaga dhidi ya Mawenzi Market kwenye Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, na kumpa kazi ya umeneja wa timu. Alitundika daluga huku akishangiliwa, na kesho yake bado alikuwa mtu wa nyumbani.

Umri hauna mjadala, na kijana lazima apishwe. Ila kabla hujampa kijana ufunguo wa duka au usemaji wa ukoo, mwite kwanza mkubwa aliyeushika, mkae, umwambie mwenyewe. Mazungumzo hayo hayafiki hata nusu saa.