Mawe ya Kalehe: kabla ya kujenga kanisa, tuulize yametoka wapi

Kando ya ziwa Kivu makanisa mengi huanza kwa tangazo moja: kila muumini alete jiwe. Wamama wanabeba mgongoni, vijana kichwani, watoto wa shule ya Jumapili wanakuja na yale madogo, na lundo linakua kando ya hema. Ni sadaka nzuri, hata asiye na franga anaitoa. Lakini leo tunataka kuyaangalia mawe yenyewe.

Kwenye milima ya Mitumba kuna mawe ya zamani sana, na kati yake kuna kwarsiti. Hilo lilikuwa jiwe la mchanga: mchanga wa majini uligandamana, kisha joto na uzito wa ardhi vikaupika mpaka chembe zake zikashikana kabisa. Ni gumu mno, linafaa fondasyo, ila kulichonga ni taabu. Kuna pia jiwe jeusi la volkano, kama lile ambalo Bukavu imekaa juu yake. Ndugu zetu wa Goma wanalijua zaidi: lava iliyoingia mjini tarehe 17 Januari 2002 ndiyo wengine waliyoivunja wakajengea upya.

Wazee wetu Wahavu walijenga kwa miti na nyasi. Jiwe lilikuwa la mafiga na la kusagia. Wakati wa wakoloni na misioni ulikuja mtindo wa mawe chini na matofali ya kuchoma juu, na ndio tunaoufuata mpaka leo.

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua. Mawe mengi tunayoleta kanisani hayatoki kwenye mwamba. Tunayaokota mtoni, au tunayakuta ndani ya parseli yenyewe, makubwa na ya mviringo, na tunamshukuru Mungu kwamba hatutalipa usafiri. Jiwe likiwa mviringo, mara nyingi maji yamelizungusha. Likiwa katikati ya uwanja tambarare chini ya mlima, huenda maji yalilifikisha pale. Yaani mto umewahi kupita hapo, na kwa nguvu ya kusukuma jiwe ambalo watu wanne hawaliinui.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, tuliona kwa macho. Mvua kubwa iliteremsha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Vijiji hivyo vilikuwa pale ambapo mito inatoka milimani na kumwaga mzigo wake kabla ya kuingia ziwani. Udongo wa hapo una rutuba, barabara iko karibu, mawe ni ya bure. Hatuwahukumu waliojenga pale; karibu kila mmoja wetu angechagua hivyo hivyo.

Katika Luka sura ya 6, mjenzi mwenye busara anachimba kwenda chini mpaka kwenye mwamba. Mathayo hataji kuchimba. Kwetu neno hilo la Luka lina uzito. Jiwe kubwa lililofukiwa nusu linaweza kumdanganya masoni kwamba amefika kwenye mwamba, kumbe chini yake ni mchanga na changarawe. Alichimbe pande zote. Likiwa na mwisho, si mwamba.

Tena kuna tetemeko. Lile la tarehe 24 Oktoba 2002 wataalamu wanaliita kwa jina la Kalehe. Lile la tarehe 3 Februari 2008 lilikuja Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani, na upande wa Rwanda kuna waumini waliokufa kanisa lilipowaangukia. Ukuta wa mawe ni mzito, na ukipasuliwa katikati hauna huruma. Masoni mzuri tunamjua hivi: anagonga jiwe kwa nyundo asikie kama linalia au linajibu kwa sauti nzito kama udongo, na lililooza analitupa. La mviringo analipasua kwanza, maana uso laini haushiki sima. Analiosha matope. Analilaza jinsi lilivyolala ardhini, halisimamishi kwa kutafuta uzuri. Kila baada ya hatua chache anaweka jiwe refu linalovuka upana wote wa ukuta, ili uso wa nje na wa ndani visiachane. Juu anafunga chenaje ya sima na vyuma kuzunguka jengo lote.

Hapo kwenye chenaje ndipo kamati za ujenzi hupunguza, kwa sababu pesa zimeisha na mabati yameshanunuliwa. Tunasema kwa upole: mabati yangoje. Na ile pembetatu ya mbele, inayobeba msalaba na jina la kanisa, ndiyo huanguka mapema ardhi ikitikisika. Ijengwe kwa mbao na bati, isiwe ya mawe, kwa kuwa chini yake ndipo mlango ulipo, na mlangoni ndipo watu wote hukimbilia.