Sahani Nyepesi kwa Mlo wa Kuchangiana: Mwongozo kwa Wagonjwa na Wahudumu wa Afya

Mlo wa kuchangiana ni ule ambao kila mshiriki hufika na chakula alichokipika nyumbani kwake, kisha vyakula vyote huwekwa pamoja na kuliwa na wote. Katika Kata ya Issuna, Wilaya ya Ikungi, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida, mlo wa namna hii si jambo geni. Jumuiya za waumini, vikundi vya kuweka na kukopa, ubatizo, kipaimara, mahafali ya shule na hata siku za msiba huwakutanisha watu kwenye masufuria yaliyotoka nyumba mbalimbali.

Kwa mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la juu la damu, siku hiyo huwa na mtihani wake. Akila kila kilichopo, huharibu matibabu ya majuma kadhaa. Akikataa, huonekana anaringa au anawadharau waliopika. Wapo wanaochagua njia ya tatu, nayo ni kuacha kwenda, na hivyo kujitenga na watu wanaomsaidia wakati wa shida. Makala haya yanaeleza njia nyingine iliyo rahisi zaidi: mgonjwa ahudhurie, na achangie sahani ambayo yeye mwenyewe anaweza kuila kwa amani. Katika shughuli inayopikwa na mwenye nyumba peke yake, mgeni hana kauli juu ya chungu. Katika mlo wa kuchangiana, kila mtu ana kauli hiyo.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionesha kwamba takribani mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja alikuwa na kisukari. Kwa hiyo, katika mkusanyiko wa watu wazima 20, ni jambo la kawaida kuwepo wanne au watano wanaopaswa kupunguza chumvi. Baadhi yao hawajui bado kwamba ni wagonjwa. Sahani nyepesi haimfai aliyeileta peke yake. Humfaa pia jirani ambaye hajapimwa.

Kinachofanya sahani kuwa nzito

Mambo matatu hufanya chakula cha shughuli kiwe kizito: mafuta, chumvi na sukari.

Mafuta ya alizeti ni fahari ya Singida, na wengi huyamimina bila hofu kwa kuwa hayana lehemu. Ni kweli kwamba mafuta ya mimea hayana lehemu, na ya alizeti ni bora kuliko mafuta yanayoganda. Hata hivyo, gramu moja ya mafuta yoyote hutoa kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya zile za gramu moja ya wanga. Nusu lita ya mafuta katika chungu cha watu 20 humpatia kila mmoja takribani kilokalori 200 kabla hajahesabu wali wala nyama. Vijiko vikubwa vitatu katika chungu hichohicho humpatia kilokalori zisizofika 20. Mafuta hayo pia ndiyo hugharimu fedha nyingi, hivyo kuyapunguza hupunguza gharama.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Chumvi hiyo hujumuisha iliyomo katika vikolezo vya supu vya dukani. Jambo linalosahaulika ni magadi yanayotiwa kwenye mlenda, maharage au kunde ili kuvilainisha. Magadi ni chumvi za sodiamu, na sodiamu ndiyo hasa inayopandisha shinikizo la damu. Mgonjwa anayejivunia kupunguza chumvi huku akitia magadi kila siku bado hajaipunguza sodiamu. Aidha, magadi huharibu baadhi ya vitamini za mboga.

Kuhusu sukari, chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai.

Sahani tano zinazopatikana kwa urahisi

Issuna ni eneo la nusu ukame linalopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Uwele, mtama, alizeti, karanga, kunde, choroko, viazi vitamu, maboga na mboga za kukausha ni vyakula vya asili vya ukanda huo. Vipimo vifuatavyo ni kwa watu 20, pale ambapo vyakula vingine navyo vipo.

Choroko au kunde za nyanya. Kilo moja ya choroko kavu hunywa maji na kufikia takribani kilo mbili na nusu ikiiva, na kila mlaji hupata gramu zipatazo 10 za protini. Choroko ziloekwe usiku, maji yamwagwe, zichemshwe bila magadi hadi zilainike, kisha ziungwe kwa vitunguu, nyanya nyingi, karoti, kitunguu saumu, vijiko vikubwa vitatu vya mafuta na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Ndimu ikikamuliwa mwishoni, ulimi hautadai chumvi zaidi.

Mlenda au majani ya kunde kwa karanga. Robo kilo ya karanga za kusaga hutosha, na hapo mafuta hayahitajiki tena. Mlenda usiotiwa magadi huvutika kidogo kuliko ulivyozoeleka, lakini bamia hurudisha utelezi wake. Karanga zilizovunda, kusinyaa au kubadilika rangi zitolewe na kutupwa, kwa sababu huweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo haiondolewi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote inapakana na Singida.

Kachumbari ya kabichi. Kabichi moja kubwa, karoti, vitunguu, nyanya na ndimu hutosha. Wengi huvikanda vitunguu kwa chumvi ili kuondoa ukali. Wafanyao hivyo wavisuuze vizuri. Mboga zioshwe kwa maji safi na salama, na kachumbari ikatwe muda mfupi kabla ya kuliwa.

Viazi vitamu na maboga ya kuchemsha. Hivi hushika nafasi ya maandazi na chapati. Vichemshwe na maganda yake, vikatwe vipande vidogo, na mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba ni wanga. Akila viazi, apunguze ugali au wali.

Kuku wa kienyeji kwa mboga. Kuku wa Singida ana jina nchini, na si rahisi kumkataza mtu kumpeleka shughulini. Kuku mmoja aliyekatwa vipande vidogo, akaondolewa ngozi na kuchemshwa pamoja na karoti, bilinganya na nyanya, huenea kwa watu wengi bila kukaangwa.

Kwa kinywaji, maji safi, maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari na matunda ya msimu yaliyokatwa hutosha kabisa.

Usalama wa chakula kinachosafiri

Chakula cha kuchangiana hupikwa mapema, hubebwa njiani na kungoja. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kiwekwe kwenye hotipoti au kipashwe moto hadi kitokote kabla ya kuliwa. Sahani za kunde, mboga na viazi zina faida ya kupashwa moto kwa urahisi. Mabaki yaliyoshinda juani yasigawiwe kwa watoto wala kubebwa nyumbani.

Hatari ya kungoja

Mgonjwa wa kisukari huonywa sana juu ya sukari kupanda, lakini katika shughuli hatari ya haraka zaidi ni sukari kushuka. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi akimeza dawa asubuhi, akaacha kula ili atunze nafasi ya tumbo, kisha hotuba zikaendelea hadi saa tisa alasiri, anaweza kupatwa na jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na hatimaye kupoteza fahamu. Wasiojua hudhani amelewa au amepandwa na mashetani.

Mgonjwa wa aina hiyo asiache kifungua kinywa, na asisite kuonja sahani yake mwenyewe kabla ya wengine. Dalili zikianza akiwa na fahamu, apewe nusu glasi ya soda yenye sukari au vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, kisha aangaliwe kwa dakika 15. Zisipoondoka, arudiwe kupewa. Zikiondoka, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Angalizo lingine ni kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi vizuri. Jamii ya kunde, mboga za majani na viazi vina potasiamu nyingi, hivyo wapate kwanza ushauri wa daktari wao.

Nafasi ya mhudumu wa afya

Tanzania ina historia ya kufundishana afya kwa vikundi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya watu kusikiliza redio pamoja, kujadiliana na kuamua pamoja. Somo lake bado lina nguvu: mazoea ya kula hubadilika upesi zaidi yanapobadilishwa na kundi kuliko yanapoachiwa mtu mmoja.

Kliniki, mgonjwa huulizwa anakula nini nyumbani, na jibu lake mara nyingi huwa zuri. Inafaa aulizwe pia: shughuli ijayo ni lini, na atapeleka nini? Swali hilo humwondoa kwenye katazo na kumpa kazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayefika na chungu cha choroko kisicho na magadi anaweza kuitimiza methali hiyo kwa maana yake iliyo wazi kabisa.