Kuzingatia si kulazimika

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kukuza ustawi na matumizi ya lugha za kiasili. Kitenzi ni 'kukuza', nacho hakimtaji karani anayepaswa kuzitumia.

Hapa Dundori, shosho huelewana na chifu barazani kwa Kikuyu bila taabu. Balaa huanzia kwenye fomu. Nyingi ni za Kiingereza, basi mjukuu wa gredi ya sita ndiye mkalimani, hata jambo lenyewe likiwa shamba au ugonjwa wa siri! Kwa Waogiek wa Nessuit na Mariashoni, humuhumu kaunti ya Nakuru, ni vigumu zaidi. Lugha yao inazidi kumezwa na za majirani.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazitaka taasisi zizingatie lugha ya wenyeji zinapotoa habari. 'Zingatia' ni kitenzi laini: afisa aweza kuzingatia, kisha akaandika Kiingereza vilevile. Huko Nunavut, Kanada, sheria ya 2008 ya kuilinda lugha ya Wainuiti inazilazimu ofisi, na hata maduka, kumhudumia mteja kwa lugha hiyo. Asipohudumiwa, yupo kamishna wa lugha wa kumpelekea malalamiko.

Kwetu, jamani, hata Kiswahili, kilicho lugha rasmi kwa kifungu hichohicho cha 7, hakijazifikia fomu nyingi.