Mbele ya kununua motere mpya, mupime kwanza puli



Katika vijiji vingi mashini ya kusaga ndiyo mali kubwa kuliko zote ambazo wanachama wako nazo pamoja. Basi siku inapoanza kusumbua, kila mtu anaingiwa na wasiwasi. Bunga inatoka polepole, mukaba unateleza na kunuka mpira unaoungua, motere inatoa moshi mweusi na kuzimika mtu akimimina mahindi kidogo tu zaidi. Mkutano unaitwa, na neno la kwanza ni hili: tuchange franka, tununue motere kubwa. Pengine ni kweli motere imezeeka. Lakini kuna mara ambapo shida iko kwenye puli, yale magurudumu mawili yanayobeba mukaba, na puli haiombi mchango wa msimu mzima.

Ili kujua kama shida iko hapo, lazima kuelewa nguvu ya kuzungusha.

Kila mtu aliyewahi kufungua nati yenye kutu anaijua tayari. Kle fupi inashindwa. Fundi anatafuta tiyo, anaiingiza kwenye mkono wa kle, anasukuma mwishoni kabisa, na nati inalegea. Mtu ni yule yule, na fufu aliyokula asubuhi ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali kutoka kwenye nati mpaka mahali anaposukuma. Nguvu ya kuzungusha ni msukumo mara umbali huo. Msukumo unapimwa kwa nyutoni. Kuinua kilo moja kunataka karibu nyutoni 10, kwa hiyo kuinua ndoo ya lita 20 ni karibu nyutoni 200. Mtu akisukuma kwa nyutoni 200 kwenye kle ya sentimeta 25, nati inapata nyutoni-meta 50. Akisukuma vilevile mwisho wa tiyo ya meta moja, inapata 200. Ni mara nne, na jasho ni lile lile.

Wakamuaji wa mawese kule Fizi na Beni wanaotumia preso ya skuru wanaishi na hesabu hii kila siku. Ule mti mrefu wanaouzungusha ndio tiyo yao. Mtu akiukata kwa sababu nyumba ya preso ni ndogo, amepunguza nguvu inayofika kwenye skuru, na mafuta yanabaki kwenye makapi. Ni afadhali kuhamisha ukuta. Lakini pia musiurefushe ovyo: skuru na nati yake vina mwisho wa nguvu vinayoweza kubeba.

Mkono mrefu nao unadai malipo yake. Anayeshika mti wa meta moja anatembea zaidi ya meta 6 ili skuru izunguke mara moja. Anayeshika wa sentimeta 25 anatembea meta moja na nusu tu. Nguvu inaongezeka, safari inarefuka. Wanaobeba mizigo kwa kinga wanajua: ukiweka pinyo kubwa nyuma, mulima unapandika, lakini miguu inazunguka sana na kinga inaenda polepole.

Puli mbili na mukaba zinafanya kazi hiyo hiyo. Tuseme puli ya motere ina upana wa sentimeta 10, na ya mashini sentimeta 20. Motere ikizunguka mara mbili, mashini inazunguka mara moja, lakini nguvu ya kuzungusha kwenye mashini ni karibu mara mbili (mukaba unakula kidogo njiani). Hesabu ni nyepesi: chukua mizunguko ya motere kwa dakika, zidisha kwa upana wa puli yake, kisha gawanya kwa upana wa puli ya mashini. Motere ya mizunguko 2000 kwa puli hizo inaipa mashini 1000.

Sasa, mashini hazifanani. Mashini ya nyundo inavunja punje kwa kuzipiga, kwa hiyo inataka mwendo. Ukiizungusha polepole, nyundo zinasukuma mahindi bila kuyavunja, chujio inaziba na bunga inatoka kama mchanga. Mashini ya sahani, au ile ya kukwaruza mihogo mibichi, inashika na kukata. Hiyo inataka nguvu zaidi kuliko mwendo. Ndiyo maana kuhamisha motere moja kutoka mashini hii kwenda ile bila kubadilisha puli kunaleta taabu, na watu wanalaumu motere bule. Puli ndogo mno nayo ni mbaya: mukaba unakosa mahali pa kushika, unateleza na kuungua.

Hapa tunaomba musome polepole. Fundi mwenye haraka anaweza kugeuza puli, kubwa kwenye motere na ndogo kwenye mashini, ili bunga itoke haraka. Kwa mfano wetu, mashini itaruka kutoka mizunguko 1000 mpaka 4000. Mwendo ukizidi mara mbili, mvuto unaotaka kung'oa nyundo unazidi mara nne; ukizidi mara nne, mvuto unazidi mara kumi na sita. Nyundo ikikatika inatoboa bati na kumkuta mtu aliyesimama kwenye foleni. Musipite kamwe namba iliyoandikwa kwenye kibati cha mashini, pale penye herufi tr/min. Kama kibati kimefutika, muulize muuzaji au fundi anayeijua mashini ya aina hiyo. Musikadirie kwa macho.

Na lile gurudumu zito la motere, volan: chuma chake kingi kiko mbali na katikati, na ndiyo sababu linaendelea kuzunguka hata mazutu ikifungwa. Wengi wanaumia dakika hiyo, wakidhani mashini imelala. Usilisimamishe kwa kijiti wala kwa mguu. Kikwembe kikishikwa na mukaba, mama hana muda wa kuita. Wekeni kizuizi cha mbao au waya juu ya mukaba na puli mbele ya jambo lingine lolote.

Kwa mkutano ujao, mtu mmoja azime motere, asubiri isimame kabisa, apime upana wa kila puli kwa mita ya fundi cherehani, kisha aandike tr/min za vibati vyote viwili. Afanye hesabu mbele ya wote. Mizunguko ikiwa haifai, badilisheni puli. Ikiwa inafaa, mukaba umekazwa vizuri, chujio cha hewa ni safi, na motere bado inazimika, hapo ndipo muanze kuzungumza habari ya mchango.